Sanduku la Anko: Spider-Man ni wa nani, na maswali yenu mengine ya masupahiro

Haya wadau, karibuni tena sandukuni. Toleo lililopita niliomba maswali ya katuni za Marvel na DC, zile kampuni mbili za Marekani za vitabu vya masupahiro, na muvi zinazotoka humo, na mmeyamwaga kweli kweli, mengine marefu kuliko majibu. Nimechagua machache. Wale mlioniuliza nani atashinda Hulk akipigana na Superman, jamani, atashinda yule ambaye mwandishi anataka ashinde, tuendelee.

Anko shikamoo. Mimi na mshkaji wangu tumebishana mpaka tumenuniana. Spider-Man tumemuona kwenye Avengers, tena anafia mikononi mwa Tony Stark, yani Iron Man. Sasa huyu Venom wa Tom Hardy ana muvi tatu nzima na kila mtu anajua adui yake ni Spider-Man, mbona hawajapigana hata mara moja? Wanatuchezea akili au? — Mdau wa Mbagala

Marahaba mdau, patana na mwenzio maana hapo hakuna aliyekosea. Hakuna cha kuchezewa akili, hapo kuna karatasi. Muvi za masupahiro ukitaka kuzielewa usianze na stori, anza na kuuliza nani ana haki ya kumtumia huyo mtu kwenye sinema, ukishajua hilo mambo mengi yaliyokuwa hayana kichwa wala miguu yananyooka yenyewe.

Iko hivi. Miaka ya 90 soko la vitabu vya katuni Marekani liliporomoka, na Desemba 1996 Marvel ikaenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi. Hawakuwa na studio yao ya kutengeneza muvi, kwahiyo walichofanya, kabla ya hapo na baada ya hapo, ni kama familia yenye shida na shamba kubwa, wakakata viwanja wakauza. X-Men wakaenda studio ya Fox. Fantastic Four walikuwa wa mtayarishaji mmoja Mjerumani anaitwa Bernd Eichinger. Hulk akaenda Universal. Na Spider-Man, ambaye ndo kiwanja cha barabarani kabisa, akachukuliwa na Sony mwaka 1999. Sony wakatoa ile ya Tobey Maguire 2002 ikaingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani, na mgao wa Marvel kwenye tiketi ulikuwa kiduchu.

Marvel walipoamua kutengeneza muvi wenyewe, mwaka 2005 walikopa dola milioni 525 na dhamana waliyoweka ni wahusika waliobaki, kina Captain America, Black Panther, Doctor Strange, Ant-Man, yani muvi zikibuma na hao nao wanaondoka. Ndo ikaja Iron Man 2008, na 2009 Disney wakainunua Marvel nzima kwa kama dola bilioni 4. Lakini Disney kununua Marvel hakukufuta mikataba ya zamani. Spider-Man alibaki Sony na yuko Sony mpaka leo, na mkataba wao unawataka watoe muvi kila baada ya miaka kadhaa la sivyo haki zinarudi kwa wenyewe. Ndo maana 2007 tunamuacha Tobey na 2012 tunaanzishiwa upya na Andrew Garfield, mjomba anakufa tena, buibui anauma tena, hata machozi hayajakauka.

Februari 2015 wakakaa wakaelewana. Sony wanalipia muvi za Spider-Man na wanachukua hela ya tiketi, Marvel wanazitengeneza na wanaruhusiwa kumuazima kijana kwenye muvi zao za Avengers. Midoli na fulana Marvel walishazirudisha kwao tangu 2011, kwahiyo na wao hawakulala njaa. Hapo ndo Tom Holland akatokea Civil War 2016 na baadae ndo hiyo unayoisema ya kufia mikononi mwa Tony. Agosti 2019 waligombana tena, Disney wanataka mgao mkubwa zaidi, Sony wanasema haiwezekani, mashabiki duniani nzima wakalia kama wiki tano hivi, mwisho wa Septemba wakapatana. No Way Home ya 2021 ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.9, sasa hebu fikiria nani anataka kuvunja ndoa kama hiyo.

Venom sasa. Sony hawakuchukua Spider-Man peke yake, walichukua na maadui zake na majirani zake wote, mamia ya majina. Hao hawahitaji ruhusa ya mtu kuwatumia, kwahiyo wakaanza kuwapa muvi zao mmoja mmoja bila Spider-Man mwenyewe. Venom ilifanya vizuri. Morbius ikachekwa. Madame Web ya 2024 ikaambulia kama dola milioni 100 dunia nzima na Kraven mwaka huo huo ikapata chini ya hapo. Mimi maoni yangu ni kwamba adui bila steringi wake hana kazi ya kufanya, unakaa saa mbili unamsubiri mtu ambaye haji. Wamechunguliana tu basi, mwisho wa Venom ya pili anamuona kijana kwenye TV, na mwisho wa No Way Home Venom yuko baa huko Mexico anaulizia habari za dunia hiyo, kabla hajatoka mlangoni anarudishwa kwao.

Na usidhani hii ya kutoa muvi ili haki zisiondoke imeanza juzi. Yule Eichinger wa Fantastic Four haki zake zilikuwa zinaisha mwisho wa 1992 na hana hela ya muvi kubwa, akamtafuta Roger Corman, bingwa wa muvi za bei chee, wakaanza kushuti siku chache kabla ya mwaka kuisha kwa bajeti ya kama dola milioni moja. Waigizaji walijitoa kwa moyo, wengine walizunguka kuitangaza kwa hela zao. Haijawahi kuingia sinema hata siku moja mpaka leo. Ipo kwenye nakala za wizi tu, na huyo jamaa wa mawe The Thing anaonekana kabisa ni mtu ndani ya mpira.

Alafu kuna hii naipenda. Quicksilver, yule anayekimbia, kwenye katuni ni mutanti, yani mtu aliyezaliwa na nguvu zake, wa ukoo wa X-Men na pia ni mwanachama wa Avengers, kwahiyo Fox na Marvel wote walikuwa na haki naye. Wakamtoa wote. Wa Fox 2014, mwigizaji Evan Peters, haruhusiwi kutaja Avengers. Wa Marvel 2015, Aaron Taylor-Johnson, haruhusiwi kuitwa mutanti, akafa muvi hiyo hiyo. Mtu mmoja, jina moja, mbio zile zile, hawajuani. Machi 2019 Disney wakakamilisha kuinunua sehemu kubwa ya Fox kwa dola bilioni 71 na ushee na X-Men wakarudi nyumbani. Spider-Man bado mgeni wa kuja na kuondoka.

Anko mambo. Captain Marvel si yule dada wa Brie Larson anayewaka mikono? Sasa kuna babu hapa Arusha ananiambia Captain Marvel alikuwa mwanaume na ndo huyo huyo Shazam wa DC. Mzee kachanganya au? — Dada wa Njiro

Babu yuko sahihi, mpe soda. Captain Marvel wa kwanza alitoka mwishoni mwa 1939 kwa kampuni ya Fawcett, mtoto Billy Batson akitamka Shazam anapigwa na radi anakuwa jitu zima. Miaka ya 40 aliuza kuliko hata Superman, na 1941 akapata filamu ya vipande 12 ya kuoneshwa sinema kila wiki, wa kwanza kabisa katika masupahiro wa vitabuni kuigizwa na watu. Wenye Superman, ambao leo ni DC, wakaenda mahakamani wanasema huyu ni Superman kavaa nguo nyekundu. Kesi ikaburuzwa miaka zaidi ya kumi, 1953 Fawcett wakachoka, wakalipa dola 400,000 na kuacha kumchapisha.

Jina likabaki halina mtu. Marvel wakaona, si jina letu hilo? 1967 wakatoa Captain Marvel wao na kulisajili, na tangu hapo wamekuwa wakihakikisha kila wakati kuna mtu anaitwa hivyo ili lisiwaponyoke, ndo maana wamekuwa wengi, kuna mgeni kutoka sayari nyingine, 1982 akaja Monica Rambeau, na Carol Danvers wa Brie Larson kapewa jina hilo 2012 tu. DC nao 1972 wakapewa leseni ya kumtumia yule yule waliyemshitaki, ila kwenye gamba hawawezi kuandika jina lake la kuzaliwa, wakaandika Shazam. Mwaka 2019 wote wawili wakaingia sinema ndani ya wiki chache, dada Machi na kaka Aprili. Angalia tena muvi ya Shazam uone wanavyomuita majina ya ajabu ajabu mwanzo mwisho, watu walicheka tu hawakujua ile ni kesi ya mwaka 1941 inachekeshwa.

Sasa Anko. Huku kwetu Kisumu Black Panther ilipokuja 2018 ilikuwa sherehe kabisa juu ya Lupita. Lakini nimekuwa nikijiuliza, Wakanda wanasema iko upande wetu wa Afrika, mbona wanaongea Kixhosa? Na ni ukweli Storm wa X-Men ni Mkenya? — Msichana wa Milimani

Storm kwanza. Ni kweli, nusu. Alitoka 1975, Len Wein aliandika na Dave Cockrum alichora, na mara ya kwanza kabisa tunamuona yuko Kenya, wanakijiji wanamuomba mvua kama mungu. Jina lake Ororo, baba Mmarekani mpiga picha, mama anaitwa N'Daré na ni binti wa kifalme wa Kenya, sasa ufalme gani huo wa Kenya mimi sijui na wewe hujui, hapo waandishi wa New York walijiamulia. Wazazi walifia Cairo nyumba ilipowaangukia, yeye akafukiwa chini ya kifusi na mama yake amekufa pembeni, ndo maana mpaka utu uzima Storm akiwekwa sehemu finyu anapata hofu ya kufa mtu. Akakua mwizi wa mifukoni Cairo kabla ya kutembea kwenda kwao mama yake. Stori tamu hivyo, halafu muvi ya 2000 Halle Berry kapewa wigi jeupe na lafudhi ambayo muvi iliyofuata ikawa imeshapotea, Kenya haisikiki. Ile ya 2016 angalau walianza naye Cairo. Mimi nangoja atakayekuja kumtoa na Ukenya wake, na awe anaongea Kiswahili cha kueleweka.

Kixhosa sasa. Black Panther katengenezwa na Stan Lee na Jack Kirby, Julai 1966, ndani ya kitabu cha Fantastic Four namba 52, na Wakanda yao haikuwa na lugha wala ramani ya maana, baadae waandishi wengine ndo wakaisogeza huku Afrika Mashariki. Walipokuwa wanashuti Civil War, anayeigiza baba yake T'Challa, ndo Black Panther mwenyewe, ni mzee John Kani wa Afrika Kusini, Mxhosa. Kwenye eneo wanalozungumza baba na mwana akaona si sawa waongee Kiingereza, akatia maneno ya kwao, Chadwick Boseman anayemuigiza T'Challa akajifunza, wakubwa wakapenda. Muvi nzima ya 2018 ikafuata hapo hapo. Kwahiyo hakuna kamati iliyokaa ikakataa Kiswahili, ni mzee mmoja aliwahi.

Na ukitazama vizuri wenyewe wamekusanya bara zima, mablanketi ya W'Kabi na watu wake ni ya Basotho, wale walinzi wa kike wamepata shanga na wekundu wa Kimaasai, watu wa M'Baku lafudhi wamechukua Nigeria. Ruth Carter aliyebuni mavazi alipata Oscar, na haikuwa ya bure. Mandhari za juu zilipigwa Uganda, Zambia na Afrika Kusini, mengine mengi ni Atlanta. Tena Uganda wana watu wao humo, Florence Kasumba, yule mlinzi Ayo, kazaliwa Kampala, na Daniel Kaluuya wazazi wake ni Waganda. Sisi huku Tanzania tulipata nini? Tulipata kuangalia.

Habari za kazi kaka. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa. Anapenda sana hizi katuni za watu wanaoruka. Kuna moja ilikuwa imechorwa vizuri kabisa nikamuachia, nikapita sebuleni nikakuta mtu anapasuliwa kichwa damu ukutani. Naomba unisaidie kujua zipi zinafaa. — Mama Wawili, Tanga

Nzuri dada, pole sana. Hapo kwa maelezo yako nadhani ilikuwa Invincible au kitu cha aina hiyo, ni ya wakubwa kabisa japo michoro inafanana na za watoto. Usiangalie michoro, angalia alama ya umri, inaandikwa mwanzoni au kwenye maelezo. Ikiwa R au 18+ hiyo si yake hata kama ina mtu kavaa nguo za rangi rangi. Deadpool zote ni R. Logan ni R. Joker ni R. The Boys ndo usiikaribishe nyumbani kabisa watoto wakiwa macho. Na hizi za kuwekewa kwenye flashi laibrari za mtaani ni shida zaidi maana yule kijana anakutupia folda nzima, alama ya umri hakuna, mwambie akuandikie majina kwanza.

Za kumpa: Into the Spider-Verse ya 2018, nzuri mno na wewe utaipenda. Lego Batman. Na mtafutie Supa Team 4, ya Malenga Mulendema wa Zambia, mabinti wanne wa shule wanaokoa Lusaka, ilitoka Netflix 2023, atawaona watu wanaofanana na majirani zake. Iwájú nayo, ya 2024, si supahiro hasa lakini imetengenezwa na Disney pamoja na Kugali, kampuni ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Mganda.

Wasiwasi wako hauko peke yako dada, una historia. Mwaka 1954 daktari mmoja wa akili, Fredric Wertham, aliandika kitabu kwamba katuni zinaharibu watoto wa Marekani, Seneti ikakaa kuwahoji wachapishaji, na wachapishaji kwa woga wakajiwekea kanuni zao wenyewe na muhuri wa kubandika kwenye gamba. Bila muhuri wauza magazeti hawakupokei. Walipitiliza lakini, mpaka 1971 wizara ya afya ya Marekani yenyewe ikamuomba Stan Lee aandike kuhusu hatari ya madawa ya kulevya, akaandika kwenye Spider-Man, wenye muhuri wakakataa kwa sababu madawa hayaruhusiwi kutajwa. Wakachapisha hivyo hivyo bila muhuri na vikauzika. Muhuri wenyewe ulikufa kabisa 2011.

Anko, DC wana matatizo gani? Henry Cavill kasema karudi, mara kaondoka. Batgirl imeshutiwa mpaka mwisho haijatoka. Nashindwa hata kuwatetea kwa washkaji. — Mtetezi wa Batman, Dodoma

Usiwatetee, wenyewe hawakujitetea. Matatizo ni kubadilisha mabosi. Aprili 2022 Warner, wenye DC, iliunganishwa na Discovery, wakubwa wapya wakaingia na kalkuleta. Agosti wakaitupa Batgirl, muvi iliyogharimu kama dola milioni 90 na imeshashutiwa yote, wakaona bora waiandike hasara wapate unafuu wa kodi kuliko kuitoa. Waongozaji wake wawili, Adil El Arbi na Bilall Fallah, mmoja alikuwa yuko Morocco kwenye harusi yake habari zinamfikia. Oktoba Cavill, aliyekuwa Superman wao, anatokea mwisho wa Black Adam na anawaambia mashabiki amerudi, siku hizo hizo DC wanapewa James Gunn na Peter Safran waisimamie, na Desemba Cavill anaandika kwamba hatarudi. Miezi miwili tu. Gunn akaandika Superman yake mwenyewe, David Corenswet, ikatoka Julai 2025, na mimi niliipenda, hasa mbwa. Sasa angalau kuna mtu mmoja wa kumlaumu.

Kaka Anko, nimewekewa Spider-Man ya pili ya Andrew Garfield, ile imetafsiriwa na DJ. Mwisho demu wake anakufa! Steringi mzima anashindwaje kumuokoa? Na kuna mtu kaniambia kwenye kitabu alimuua yeye mwenyewe. — Bodaboda wa Morogoro

Pole mkuu, najua DJ alikuwa anapiga kelele dakika hiyo, hukupata hata muda wa kuhuzunika.

Kitabu ni Amazing Spider-Man namba 121, Juni 1973, kaandika Gerry Conway ambaye alikuwa kijana wa kama miaka 20 hivi na kachora Gil Kane. Green Goblin anamsukuma Gwen Stacy kutoka juu ya daraja. Spider-Man anarusha utando unamdaka miguuni, kichwa chini, na pale karibu na shingo yake kuna herufi nne ndogo, SNAP, sauti ya kitu kuvunjika. Ukisoma haraka unaipita. Peter mwenyewe kaipita, anamvuta juu huku anajisifu kabisa, nimekuokoa mpenzi, kisha anamshika ndo anagundua anaongea na maiti. Goblin anamwambia alikufa kwa kuanguka tu, kabla utando haujamfika. Wasomaji wakachachamaa kwa barua, na matoleo machache baadae ukurasa wa barua ukajibu kwamba ni ule mshtuko wa kusimamishwa ghafla ndo ulivunja shingo. Kwahiyo huyo aliyekwambia hajakosea sana. Angemuacha angekufa, kamdaka kamuua. Na hata daraja wamekosea, maandishi yanasema George Washington na mchoro ni wa Brooklyn, ila nani anajali.

Kabla ya hapo mchumba wa steringi hakuwa anakufa. Ilikuwa inajulikana, atapiga kelele, ataokolewa, ukurasa wa mwisho wanakumbatiana. Baada ya 1973 msomaji hakuwa na uhakika tena.

Muvi zimekula stori hii mara tatu. 2002 wakaweka daraja, wakamuweka Mary Jane, na akaokolewa, ila kifo cha Goblin kuchomwa na chombo chake mwenyewe wamekichukua kama kilivyo kwenye namba 122. 2014 ndo hiyo uliyoiona, mnara wa saa badala ya daraja, na ukirudia ile sehemu punguza sauti ya DJ uangalie ncha ya utando inavyofunguka kama mkono unaotaka kushika. Halafu No Way Home, MJ, demu wa Spider-Man mwingine, anaanguka, Andrew anaruka anamdaka, anamuuliza kama yuko sawa na machozi yanamlenga yeye. Ukumbi niliokuwepo mimi watu walipiga makofi, na nusu yao nadhani hawajawahi kushika kitabu hicho.

Anko niaje, mimi naprinti fulana Kariakoo. Superman ni wa siku nyingi sana, si ameshakuwa wa bure? Nataka nimpige kwenye fulana bila kusumbuliwa. — Fundi wa fulana

Bado kidogo mkuu. Superman alitoka Action Comics namba 1 mwaka 1938, na kwa sheria ya Marekani anaingia mikononi mwa umma Januari 1, 2034. Batman mwaka mmoja baadae. Kila nchi ina hesabu yake, kwahiyo hapa kwetu waone COSOTA, wale wa hakimiliki, kabla hujanunua wino. Na hata hiyo 2034 anayefunguliwa ni yule wa kitabu cha kwanza tu, ambaye kwa taarifa yako haruki angani, anaruka kwa kujirusha juu ya majengo. Kryptonite, lile jiwe linalomlegeza, haipo, ilikuja baadae. Na ile S kifuani ni alama ya biashara, hiyo haina tarehe ya kuisha maadamu wanaitumia.

Ila ukiona uchungu kuzuiwa kumbuka waliomchora. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, Machi 1938 waliuza haki zote kwa dola 130. Wawili, yani 65 kila mtu. Walipambana mahakamani wakashindwa, majina yao yakaondolewa, Siegel akaishia ukarani wa ofisini na Shuster macho yakawa yanamuishia. 1975 muvi kubwa inaandaliwa, Siegel akaandika kwa magazeti kuilaani, wachora katuni wenzao wakapiga kelele, ndo Warner wakakubali kuwapa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina. Ile hundi yenyewe iliyobeba hizo dola 130, karatasi tu, iliuzwa mnadani 2012 kwa dola 160,000. Na 2024 nakala moja ya kitabu chenyewe, kilichouzwa senti 10 mwaka 38, ilikwenda kwa dola milioni 6. Batman ndo usiseme, Bill Finger aliyeandika stori za mwanzo na kubuni nusu ya yule mtu alikufa 1974 bila kutambuliwa rasmi kama mbunifu mwenza, jina lake limeanza kuandikwa rasmi 2015.

Ya chapchap

*Nianze na ipi kuangalia Marvel? (Mwanza)* Kwa mpangilio zilivyotoka, Iron Man 2008 kwenda mbele. Hizo orodha za kupanga kwa miaka ya ndani ya stori achana nazo, zitakukatisha tamaa. Thor ya pili unaweza kuiruka, hakuna atakayekuhoji.

*Robert Downey si alikufa? (Bujumbura)* Tony Stark alikufa, Downey mzima. Julai 2024 kule San Diego alivua barakoa jukwaani kutangaza kwamba sasa ni adui, Doctor Doom. Adui waliyempanga mwanzo alikuwa Kang, mwigizaji wake akatiwa hatiani kwa kumshambulia mwanamke Desemba 2023 na Marvel wakamuacha siku hiyo hiyo. Avengers: Doomsday tarehe waliyotangaza ni Desemba 18, 2026, baada ya kuisogeza kutoka Mei.

*Nick Fury alikuwa mzungu? (Muscat)* Ndio, miaka mingi tu. 2002 kwenye katuni za The Ultimates mchoraji Bryan Hitch akamchora kwa sura ya Samuel L. Jackson bila kumuuliza mwenyewe. Jackson akaiona dukani, watu wake wakapiga simu, Marvel badala ya kubishana wakamuahidi wakitengeneza muvi nafasi ni yake. Miaka sita baadae akatokea mwisho wa Iron Man.

*Ni kweli Wolverine ni mfupi? (Lubumbashi)* Mfupi kabisa, kwenye katuni ni futi 5 na inchi 3. Hugh Jackman amezidi futi 6, mwaka 2000 walikuwa wanampiga picha kwa chini na wenzake wanapandishwa viatu, baadae wakaacha tu. Mwaka 2024 kwenye Deadpool & Wolverine walimtoa yule mfupi wa vitabuni kwa sekunde chache, na anachekesha.